Breka ya hita ya bafuni inashuka nikiwa na povu kichwani, fundi anataka aweke kubwa

baridi_ya_uyole
Wakuu poleni na baridi. Nimepanga Uyole na mwezi huu wa 7 mnajua wenyewe maji ya Mbeya yanavyouma. Nina hita ya kuogea ile ya juu kwenye bomba la mvua, imeandikwa wati 5500, nikiweka moto wa kati haina neno ila nikipandisha hadi mwisho dakika kama 7 hivi ndo nimeshapaka sabuni, paa, breka (ile swichi inayojikata umeme ukizidi) chini, namuita mama watoto anaipandisha inakaa kidogo inashuka tena. Breka imeandikwa C20, yaani ya ampia 20. Fundi wa mtaani kaichungulia tu kasema imechoka tuweke ya 32. Nimruhusu?

mzee_wa_makambako
Huku tunachemsha kwa sufuria, hatujui breka 😂

fundi_kihesa
Kamwene. Usimruhusu kabla hajakwambia waya uliolala ukutani ni wa unene wa ngapi, maana breka hailindi hita, inalinda waya. Piga hesabu, 5500 gawa kwa 230 unapata kama ampia 24, na ukiwa ni waya wa 2.5 (milimita za mraba) ukaweka breka ya 32 haitashuka kweli, waya ndo utajipikia ukutani nyie mmelala. Hita hiyo inataka laini yake peke yake, waya wa 6 ndo 32 ikae.
Ila kuna kitu kinanitatiza, 24 kwenye breka ya 20 imezidi sawa, lakini mara nyingi ingevumilia zaidi ya dakika 7. Nahisi kuna skrubu imelegea hapo kwenye breka inatengeneza joto. Hujasikia harufu kama ya samaki? Plastiki ya breka au waya ikiungua hunuka hivyo. Mwite mtu mwenye tesita afungue boksi, na ajue ukishusha mein swichi waya unaotoka mita ya LUKU bado una umeme.

binti_tukuyu
Nachomekea, angalia pia ni ipi inashuka. Kwetu ilikuwa ile pana yenye kitufe cha T, hiyo inashuka umeme ukivuja sio ukizidi, na ilikuwa kila mvua ikinyesha na Tukuyu mvua haiishi. Tukashusha ndogo zote tukapandisha moja moja, ya taa za nje tu ndo inaangusha, kufungua taa ya getini imejaa maji na sisimizi.

fundi_kihesa
Umenena dada. Na breka ndogo ikishuka papo hapo ukiipandisha hiyo ni shoti, usilazimishe.

baridi_ya_uyole
Mrejesho. Nimeleta fundi mwingine, skrubu ya chini ya breka kaikaza ikazunguka mzunguko mzima na nusu, waya pale mwishoni plastiki imekuwa kahawia ukiigusa inapukutika kama ganda la karanga. Ni 2.5. Na ile harufu mimi wiki nzima nasema jirani anakaanga dagaa! Kakata pale palipoungua kafunga upya, breka mpya ila 20 ile ile, kasema moto wa mwisho nisahau mpaka waya wa 6 upite. Mwenye nyumba anasema hita ni yako na waya ni wako.

mzee_wa_makambako
Sufuria ninazo mbili, njoo uchukue moja.