Wakuu, nawezaje kuongea na kampuni ya intaneti wanishushie bili ya nyumbani?

Mpangaji wa Segerea

Heshima kwenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba tusaidiane bila matusi.

Naishi Segerea, mimi, mke na watoto wawili. Nimefungiwa intaneti ya faiba, kasi 40 Mbps. Nilipoanza nilikuwa nalipa 80,000 kwa mwezi. Sasa wanataka 115,000. Nimepiga huduma kwa wateja, binti akanisikiliza vizuri kabisa, mwisho akasema hiyo ndiyo bei na yeye hana mamlaka ya kuigusa. Jioni nikapiga tena, akapokea kijana mwingine, jibu lile lile.

Elfu 35 kwa maisha haya si hela ndogo. Hapo bado bando langu na la mama watoto, sijagusa LUKU wala king'amuzi. Najua humu kuna watu wanajua kuongea na haya makampuni mpaka wanashushiwa. Mnaanzaje? Nitishie kuhama? Niandike barua? Jina la kampuni naliacha, sitaki kumchafua mtu. Nahitaji jibu kabla ya tarehe 5, ndiyo siku wanakata.

Kijukuu cha Pwani

Pole mkuu. Mimi nilishaachana na intaneti ya kulipia mwezi. Nanunua bando la wiki, likiisha naweka simu chini naongea na wanangu. Mnakumbuka Aprili 2021? Vifurushi vilibadilishwa bei, watu wakapiga kelele kila kona mpaka serikali ikasitisha bei mpya. Bei inashushwa na kelele za wengi. Wewe mmoja kumpigia binti wa huduma kwa wateja unamwonea tu, naye ana bosi wake.

Mhasibu Mstaafu

Mdogo wangu, kabla hujagombana na kampuni, jua hela yako inakwenda wapi. Ndani ya hiyo 115,000 kuna ushuru wa bidhaa wa kama asilimia 17, juu yake VAT asilimia 18. Fanya hesabu: kampuni inabaki na kama 83,000, zile elfu 32 ni za serikali. Kwa hiyo ukisema wakurudishe kwenye 80,000, katika hiyo 35,000 kama elfu 25 wanaikata kwenye fungu lao, na kama elfu 10 ni kodi inayopungua pamoja na bei, maana asilimia za kodi hazijadiliwi dirishani.

La pili, bei za huduma hizi zinapelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mtu wa dukani hawezi kukuandikia bei yako peke yako kama unanunua kitenge Kariakoo. Anachoweza ni ofa: mwezi wa bure, kasi kuongezwa, au nafuu ukilipa miezi mingi kwa mkupuo. Omba hivyo. Usiombe "punguzeni bei".

Baridi ya Leicester

Huku Uingereza bila kuongea unaliwa kila mwaka. Kampuni inalazimika kukuandikia kabla mkataba haujaisha, ikueleze utalipa ngapi na mteja mpya analipa ngapi, ni agizo la Ofcom, wasimamizi wa mawasiliano wa huku, tangu Februari 2020. Mimi barua ikifika napiga simu, nasema kwa upole nataka kuondoka. Hapo hapo nahamishiwa kitengo cha kubembeleza wanaoondoka, na hao ndio wenye ruhusa ya kushusha. Na tangu Septemba 2024 ukihama unaongea na kampuni mpya tu, yenyewe inamalizana na ya zamani. Mpangaji, waambie unaondoka, halafu nyamaza. Usijaze ukimya.

Mpangaji wa Segerea

Mhasibu asante sana mzee wangu, hilo la kodi nilikuwa silijui. Leicester, huku kwetu ukisema unaondoka wanakuuliza lini waje kuchukua rauta yao. Mtaani kwangu zinafika kampuni mbili tu, na ile nyingine nguzo yake iko mbali, waya wanataka nilipie mwenyewe.

Fundi Waya

Nimefunga faiba Dar kwa muda mrefu, naomba niulize kabla sijashauri. Watu wanne wanafanya nini na 40 Mbps? Netflix yenyewe inasema filamu ya 4K inataka 15 Mbps, picha ya HD kamili ni 5. Watoto wawili na katuni, wewe na kazi yako, mama na simu, 20 Mbps inawatosha na inabaki. Shuka kifurushi, bili itashuka bila kumbembeleza mtu. Kwa nini hushuki?

Mpangaji wa Segerea

Nikishuka itakuwa nzito, hasa usiku. Hata hii 40 kuanzia saa mbili inakwama.

Fundi Waya

40 Mbps ya watu wanne haikwami saa mbili usiku kama waya ni mzima. Fungua ukurasa wa rauta, andika 192.168.1.1 kwenye simu, uingie panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Niambie viko vingapi.

Mpangaji wa Segerea

Vinabadilika badilika.

Fundi Waya

Taja namba mkuu. Mimi si polisi.

Kijukuu cha Pwani

Jamani Mpangaji kabanwa, vuteni viti.

Mpangaji wa Segerea

Sawa. Sasa hivi vinaonekana 31.

Naomba mnielewe kabla ya kuhukumu. Hii nyumba ni ya wapangaji, tuko milango sita kwenye uzio mmoja. Nilipofungiwa, majirani waliomba tuchangie. Nikavuta waya mmoja kupitia dirisha la jikoni mpaka kwenye korido, nikaweka rauta ya pili juu ya mlango wa stoo ili wa nyuma nao wapate. Kila mlango unachangia 15,000 kwa mwezi. Siuzi vocha wala nini, ni mchango wa majirani, kama tunavyochangia maji na mlinzi. Sikuona sababu ya kulitaja maana swali langu ni bei.

Mhasibu Mstaafu

Milango mitano mara 15,000 ni 75,000. Bili ilikuwa 80,000. Kwa hiyo intaneti ya familia yako ulikuwa unalipia 5,000 kwa mwezi?

Mpangaji wa Segerea

Mzee, rauta ya pili nilinunua mwenyewe. Waya nilinunua mwenyewe. Ikizima saa nane usiku anayegongewa mlango ni mimi.

Mama Abuu

Mwanangu, mimi sitaki kukusema, lakini hilo jambo ni hatari kuliko bili. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA, ya 2010 inataka anayetoa huduma ya mawasiliano kwa kulipwa awe na leseni, ukiuita mchango au ukiuita biashara. Halafu ile laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Siku kijana wa mlango wa nne akimtapeli mtu, au akisambaza picha chafu, wanaofuatilia watafika kwako kwanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Mdogo wangu wa tumbo moja aliazimisha laini ya simu tu, laini, akashinda kituoni akijieleza mpaka jioni. Tangu siku ile mimi kila mara napiga *106# kuangalia ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho changu. Na nyie mpige leo.

Wa Ruaka

Habari zenu kutoka Kenya. Naona mnamkalia vibaya Mpangaji, huku kugawana waifai kwa ploti ni kawaida tu. Lakini kuhusu bei, sisi hatukuomba mtu punguzo. Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iliingia Julai 2023, watu wakaanza kuweka sahani juu ya paa, na Septemba 2024 Safaricom wakaongeza kasi ya faiba bila kuongeza pesa: ile ya 2,999 ikatoka 10 Mbps ikawa 15, ya 4,100 ikatoka 20 ikawa 30. Hakuna aliyepiga simu kubembeleza, ni ushindani. Shida ni kwamba hata huo ushindani una mwisho. Novemba mwaka huo huo Starlink ilisimamisha kusajili wateja wapya Nairobi, ilikuwa imejaa. Na kwa jengo letu mwenye nyumba anakubali kampuni moja tu, wengine hawapiti geti. Sasa mimi nitamtishia nani? Kampuni ikijua huna nyingine ila hiyo, hata ukiongea lugha tamu vipi utalipa.

Mzaramo wa Mjini

Tumwache mwenye uzi apumue, nimpe kilichonisaidia mimi. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ililala nchi nzima. Mimi nilikuwa na daftari la mauzo ya duka, nikaandika pembeni tarehe na saa imezima, tarehe na saa imerudi. Hata baada ya nyaya kupona niliendelea kuandika kila taa nyekundu ilipowaka kwenye kile kiboksi. Mwisho wa mwezi nikaenda ofisini kwao na daftari, sikugombana, nikamwekea meneja mezani. Akasoma mistari yote kwa kidole, akanifidia siku kwenye bili iliyofuata. Bei hawagusi, lakini siku ambazo hukupata huduma ni haki yako. Wakigoma, chukua namba ya malalamiko yako kwao, ndiyo utaanzia nayo ukienda TCRA, maana lazima uanze na kampuni kwanza. Na Baraza la watumiaji, TCRA-CCC, lipo kwa ajili ya kumsemea mtu kama wewe.

Shahidi wa Pili

Nimesoma uzi mzima na kuna vitu havikai. Mwenye uzi kajiunga wiki hii, huu ndio uzi wake wa kwanza. Kampuni hataji. Mwanzo alikuwa na familia ya watu wanne, sasa ana vifaa 31. Ofa ya 80,000 haijulikani ilianza lini wala iliisha lini. Kila akiulizwa anajibu nusu. Mimi naona chai. Huyu ni mtu wa mauzo, anasubiri tuanze kutaja kampuni za bei rahisi, kesho arudi kutuambia kahamia kwa fulani na kapona.

Kijukuu cha Pwani

Hata mimi nilianza kuhisi harufu ya tangawizi.

Mpangaji wa Segerea

Shahidi, Mungu anakuona. Nimeomba ushauri, sasa nimekuwa tapeli? Haya, ujumbe wao huu hapa neno kwa neno:

"Ndugu mteja, ofa yako ya miezi 6 kwa TZS 80,000 inaisha tarehe 4. Kuanzia tarehe 5 utalipa bei ya kawaida TZS 115,000. Aidha, tumebaini matumizi yanayozidi ya makazi. Tafadhali fika ofisini kujadili kifurushi cha biashara."

Na picha ya skrini nimeiweka hapo chini, jina la kampuni nimelifunika kwa rangi. Mmeridhika?

Fundi Waya

Mkuu, hii ya "kifurushi cha biashara" ndiyo ungeanza nayo. Wameshaona. Kule kwao wanasoma matumizi ya kila laini, na nyumba moja haili hivyo usiku kucha. Ulitaka kwenda kuomba punguzo kwa mtu ambaye tayari ana faili lako mezani.

Shahidi wa Pili

Picha nimeiona, kampuni ipo na bili ipo, kwa hilo la mtu wa mauzo niwie radhi. Lakini ujumbe umeingia tarehe 20. Hela za majirani umekusanya lini?

Mpangaji wa Segerea

Tarehe 28.

Shahidi wa Pili

Za mwezi mmoja?

Mpangaji wa Segerea

Za miezi mitatu. Walitaka wenyewe kulipa kwa pamoja. Nikawachukulia kwa 15,000 ile ile kwa sababu nilijua nitaongea na kampuni wanishushie, kila mtu mtaani anasema ukikomaa wanashusha. Hela ilikuja siku ambayo shule walikuwa wamemrudisha mwanangu kwa ada. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

Mhasibu Mstaafu

225,000 imekwenda ada. Na tarehe 5 unatakiwa uwe na 115,000, au zaidi wakikupeleka biashara. Hapo ndipo ulipo.

Mama Abuu

Ada ya mtoto sikulaumu hata kidogo. Lakini hao majirani wana haki ya kuambiwa bei imebadilika, na waambiwe na wewe kabla mtandao haujazima, wasije kuambiwa na mtu wa kampuni getini. Anza na mlango ambao mnaelewana, uende jioni ukae. Usitume ujumbe.

Fundi Waya

Sikiliza, nakupa hatua ninayoijua. Chomoa rauta ya pili leo, usisubiri. Jumatatu asubuhi nenda ofisini mwenyewe na kitambulisho, usipige simu. Usiombe 80,000. Sema matumizi ya nyumba yalikuwa makubwa na umeyapunguza, na unaomba kushuka kifurushi ubaki mteja wa makazi. Waulize kushuka kunaanza bili ipi, na kama kuna gharama. Ukishamaliza hilo ndipo uombe ofa aliyosema Mhasibu, mwezi mmoja wa nafuu, si zaidi. Majirani warudishie kidogo kidogo, na wanaotaka intaneti wafunge yao. Wakijitokeza wawili watatu kwenye uzio mmoja, mtu wa mauzo atakuja mbio, na hapo ndipo wewe utakuwa na cha kuongea naye.

Mpangaji wa Segerea

Fundi, nikichomoa leo mlango wa tatu ana mtihani wa chuo mtandaoni kesho. Siwezi kumwacha kijana wa watu hewani. Nitachomoa kesho jioni akimaliza. Mama Abuu, shikamoo, nitaenda kukaa nao, nitaanza na mzee wa mlango wa pili maana yeye ndiye wanayemsikiliza. Ila 80,000 nitaiomba tu, kusema hakulipiwi.

Fundi Waya

Iombe mwisho, basi. Si mwanzo.

Baridi ya Leicester

Na ukishaiomba nyamaza.

Kijukuu cha Pwani

Mpangaji, hiyo rauta ya stoo ukishaichomoa unaiuza? Niko Kinyerezi.

Mpangaji wa Segerea

Njoo inboksi.