Kioo cha mwaguzi kijibu nini katika mchezo wa kuigiza uhusika?

Mtunzi wa Luchelele aliuliza:

Ndugu zangu, habari za humu. Kikundi chetu cha hapa Mwanza kinaandaa mchezo wa kuigiza uhusika, ule ambao kila mchezaji huvaa mavazi ya mhusika wake na kutembea, kusema na kuamua kama yeye tangu mchana hadi usiku, bila watazamaji na bila maneno yaliyoandikwa mapema. Hadithi inahusu falme mbili za kubuni zinazogombea kisiwa, na katika mmojawapo yupo mwaguzi anayetazama kioo na kuona yaliyofichika. Tutachezea kwenye miamba ya Luchelele, na uaguzi umepangwa kufanyika jua linapozama.

Shida yangu ni hii. Mwaguzi akiuliza ni nani aliyemtilia mfalme sumu, nami nikamjibu kweli, fumbo lote tulilolijenga litakwisha kwa sentensi moja, na wachezaji ambao wangelitegua kwa kuhojiana na kufuatiliana hawatakuwa tena na kazi. Nikimjibu maneno yasiyoshikika, mwaguzi atakuwa amepewa uwezo wa jina tu. Akiuliza yajayo, mimi mwenyewe siyajui, kwa sababu wachezaji ndio watakaoyaamua. Je, kioo kijibu nini ili kiwe na nguvu ndani ya hadithi bila kuua mchezo?

Mama Ilemela alijibu:

Mwanangu Mtunzi, kabla ya kanuni nyingine yoyote naomba uandike hii: kioo kisitaje jina la mtu, wala kisionyeshe uso wa mtu anayeweza kutambulika. Kionyeshe tukio. Mwaguzi aone mkono wenye bangili ya shaba ukimimina kitu kikombeni, asikie mvua ikipiga paa, aone mlango ulio wazi upande wa ziwa. Hayo yote ni kweli na yanashikika, na hayana maana mpaka mtu aende akaulize nani alivaa bangili na nani alikuwa na ufunguo wa mlango ule. Hapo fumbo haliishi, bali linapata pa kuanzia, na wachezaji wengine wanahitajiwa zaidi kuliko mwanzo.

Nasema hivyo kwa sababu ya mchezo, lakini pia kwa sababu ya mahali mnapochezea. Usukumani tunajua ramli chonganishi imefanya nini. Wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kutokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi, na mara nyingi safari ya mauti yao ilianza kwa mganga kutaja jina. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wa aina hiyo kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Mchezo ambamo mtu anainama juu ya kioo, anainuka, kisha anamnyooshea mwenzake kidole na kundi zima linamvamia, ni mchezo nisioweza kuushiriki kwenye ufukwe huu, hata kama falme ni za kubuni. Tafadhali pia nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, umweleze kitakachofanyika na umwonyeshe mavazi na vifaa. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 bado ipo, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayejidai kuwa na uwezo wa uchawi, na mkazi anayepita jioni hana namna ya kujua kwamba ninyi mnaigiza.

Kuhusu yajayo, usimruhusu mwaguzi ayaulize. Kioo chenye mipaka hakipungui heshima. Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2, ameeleza chemchemi iliyokuwa mbele ya hekalu la Demeter katika mji wa Patras, ambako kioo kilifungwa uzi mwembamba na kuteremshwa mpaka ukingo wake uguse maji tu. Watu walisali, wakafukiza uvumba, kisha wakatazama. Kioo kile kilijibu habari za wagonjwa peke yake: kilimwonyesha mgonjwa akiwa hai au akiwa amekufa. Hakuna aliyekwenda pale kuuliza habari za biashara wala za wizi, na bado watu walikwenda.

Fundi Vioo Igoma alijibu:

Mimi nichangie upande wa kifaa. Msipeleke kioo cha kawaida kwenye miamba ile, kwa maana kikianguka ni vipande, na wachezaji watakuwa wanakimbia gizani. Chukueni kipande cha plastiki ngumu iliyo angavu, mkipake rangi nyeusi upande mmoja, kisha mkitie kwenye fremu ya mbao. Kioo cheusi kina historia yake: kile kinachohusishwa na John Dee, mshauri wa Malkia Elizabeth I, ambacho kimehifadhiwa British Museum, ni cha jiwe la volkano, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba jiwe hilo lilitoka Pachuca, Mexico. Mkikosa plastiki, sufuria iliyoshika masizi ikijazwa maji yaliyotulia huakisi vizuri sana.

Jambo moja la usalama lisipuuzwe. Mwaka 2010 mtafiti wa Italia, Giovanni Caputo, alichapisha jaribio ambamo watu 50 walitazama nyuso zao kiooni kwa dakika 10 katika mwanga hafifu. Wengi waliona uso ukipotoka, na baadhi waliona uso wa mtu mwingine kabisa. Ni ubongo unaofanya hivyo, wala hapahitajiki imani yoyote, lakini mchezaji asiyetarajia anaweza kuogopa kwelikweli. Kwa hiyo kiinamisheni kioo kiakisi anga badala ya uso wa mtazamaji, na zamu isizidi dakika moja au mbili.

Binti Pasiansi alijibu:

Shikamoo, Mama Ilemela. Nakubaliana nawe juu ya majina, ila naomba nimtetee mwaguzi, kwa kuwa mimi huchagua wahusika wa namna hiyo. Mwaguzi anayepewa picha ambazo msimamizi amezitunga peke yake hubaki kuwa mpokeaji wa barua. Napendekeza kila mchezaji, kabla ya mchezo kuanza, aandike kwenye kadi siri moja ya mhusika wake ambayo yuko radhi ionekane, akiieleza kama tukio lisilo na jina. Kadi hizo ndizo ziwe kioo. Mwaguzi atauliza swali, msimamizi atachagua kadi inayokaribiana nalo, na mwaguzi mwenyewe ataamua aseme kiasi gani, amwambie nani, na anyamaze kuhusu nini. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Tena hakuna mchezaji atakayefichuliwa bila ridhaa yake, na wengi, nionavyo mimi, huandika siri ambayo wana hamu kubwa ivuje.

Mpeni pia gharama ndani ya hadithi. Kwa mfano, kila atazamapo, naye aongeze tukio lake mwenyewe kwenye kadi, ili atakayetazama baada yake aweze kuliona.

Mtunzi wa Luchelele alijibu:

Marahaba kwa wadogo, na shikamoo Mama. Nimeandika upya ukurasa wa uaguzi: tukio bila jina, hakuna swali la yajayo, kadi zitoke kwa wachezaji, na mwaguzi aongeze yake kila atazamapo. Kuhusu mwenyekiti wa mtaa, nitakwenda wiki hii nikiwa na mavazi mkononi.

Limebaki suala la tarehe. Nilikuwa nimechagua siku za giza, lakini ndizo siku ambazo wavuvi wa dagaa huwasha taa ziwani, na sufuria ya maji itaakisi taa zao badala ya anga. Huku kwetu giza huingia haraka baada ya jua kuzama, kwa hiyo nimeisogeza hadi mwezi mpevu, ili mwanga ubaki wa kutosha kuona miamba tunapokanyaga. Fundi, rangi nyeusi ya kupuliza itashika kwenye plastiki, au nitumie ya brashi?

Fundi Vioo Igoma alijibu:

Ya kupuliza inashika, ila kwanza ikwangue plastiki kwa msasa laini upande utakaoupaka, na upake mara mbili.