Mrejesho: Msaada wa malipo ya awali Ohio, tumepata nyumba

Habari zenu ndugu. Niliuliza hapa kama familia yetu, ya kipato cha chini, inaweza kununua nyumba Columbus bila akiba kubwa. Wengi mlinielekeza OHFA, shirika la nyumba la jimbo la Ohio, Marekani. Asanteni sana, jana tumekabidhiwa funguo!

Tuliomba msaada wa 5% ya bei. Nyumba ni dola 200,000, kwa hiyo tulipata 10,000. Mkopo wa FHA (mkopo wa nyumba wenye bima ya serikali kuu) unataka malipo ya awali 3.5%, yaani 7,000. Zile 3,000 zilizobaki zikaingia kwenye gharama za kukamilisha manunuzi: hatimiliki, tathmini, bima. Hazikutosha, ila muuzaji alikubali kubeba sehemu. Mwombeni dalali wenu alidai hilo mapema, kwenye ofa yenyewe.

Mume wangu alisita kwa sababu riba ya mkopo wenye msaada iko juu kidogo. Kwangu ilikuwa afadhali, maana kodi ya nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa inapanda kila mwaka.

Karatasi ya hesabu za mwisho huletwa siku tatu za kazi kabla ya kusaini. Isomeni mstari kwa mstari. Kwetu amana tuliyokwisha kulipa haikuwa imetolewa kwenye jumla tunayodaiwa, tukauliza, wakarekebisha.

Kwa dada aliyeuliza itakuwaje ukiuza nyumba baadaye: msaada unasamehewa baada ya miaka 7. Ukiuza, au ukichukua mkopo mpya kulipa huu wa zamani, kabla ya hapo, unarudisha wote.