India wameshusha kodi ya pikipiki toka 28 hadi 18, mbona Tabora bei iko palepale?

mwenye_hesabu (Tabora)

Wakuu habari za jioni. Naomba kueleweshwa kitu maana hapa kijiweni Isevya kila mtu ana jibu lake. Nina pikipiki mbili za bodaboda, vijana wananiletea hesabu, nataka niongeze ya tatu. Sasa kuna dogo kanionyesha kwenye simu kwamba India tangu tarehe 22 Septemba 2025 wamepunguza kodi ya pikipiki kutoka asilimia 28 mpaka 18, zote ambazo injini yake haizidi cc 350, na hizi Boxer na TVS zetu si ziko chini kabisa ya hapo? Nikaenda dukani (jina la duka halina maana) nikamwambia muuzaji bosi kodi imeshuka huko mnakotoa mzigo, nipunguzie hata laki moja basi. Akacheka, akasema mzee hiyo kodi haikuhusu, akaendelea kufunga saiti mira ya pikipiki ya mteja mwingine, hakunifafanulia chochote.

Je ananizuga anakula hiyo kumi mwenyewe au ni kweli? Na kama ni kweli, kwenye haya mabadiliko yao, maana nasikia hadi sheria ya kodi ya mapato ni mpya, kuna lolote linalotugusa sisi wa huku? Wanaojua karibuni, matusi hapana.

Spana13

Anakuzuga huyo. Bei ikipanda huko wanatuambia siku hiyohiyo, ikishuka kimya. Wafanyabiashara ni walewale tu.

mama_forodha

Spana13 punguza hasira mdogo wangu, hapo muuzaji kasema kweli ila kakosa adabu ya kueleza.

Mleta uzi, hiyo kodi uliyoonyeshwa inaitwa GST, ndo VAT yao wahindi. Walianza nayo Julai 2017 na ilikuwa na madaraja mengi, 5, 12, 18 na 28 na juu yake kuna nyongeza wanaiita cess kwenye baadhi ya vitu. Tarehe 3 Septemba 2025 baraza lao la GST chini ya waziri wa fedha Nirmala Sitharaman likakaa Delhi likafuta 12 na 28, zikabaki 5 na 18, na 40 kwa vitu vya anasa na vile vinavyodhuru afya. Ndo hapo pikipiki ndogo, bajaji, magari madogo, TV kubwa, viyoyozi, saruji vikatoka 28 kwenda 18. Trekta na mashine za kupura zikatoka 12 kwenda 5. Lakini pikipiki kubwa za zaidi ya cc 350 zimepanda hadi 40, kwahiyo sio kwamba wamepunguza tu.

Sasa sikiliza hapa ndo penye jibu lako. Kodi ya namna hii inamfuata anayekwenda kutumia kitu ndani ya nchi yao. Kiwanda kikipakia pikipiki kwenye kontena kuja Dar, mauzo hayo yanahesabiwa kwa kiwango cha sifuri. Muuzaji anajaza hati ya ahadi inaitwa LUT anapeleka mzigo bila kulipa GST, au anailipa kwanza halafu serikali inamrudishia baada ya mzigo kutoka. Kwahiyo ile 28 haikuwahi kuwemo kwenye bei ya pikipiki yako hata siku moja. Huwezi kupunguziwa kitu ambacho hukuwa unalipa!

Bei yako wewe ina nini? Bei ya kiwanda kwa dola, meli na bima, ushuru wa forodha wa kwetu, VAT yetu ya 18, gharama za bandarini, usajili, lori toka Dar mpaka Tabora na faida ya mwenye duka. Katika yote hayo Delhi hawajagusa hata moja.

mwenye_hesabu

Dah mama asante, hapo nimepata picha. Kumbe hata VAT ya kwetu ni hivyohivyo? Yaani asali yetu ikitoka Tabora kwenda Ulaya haina VAT?

mama_forodha

Ndio, bidhaa zinazouzwa nje kwetu pia ni asilimia sifuri, mradi makaratasi ya forodha yaonyeshe kweli zimetoka. Nchi nyingi duniani ni hivyo, hazitaki kumuuzia mgeni bidhaa pamoja na kodi zake, zingeshindwa soko asubuhi na mapema.

Spana13

Sawa mama nimekusikia. Lakini mbona hata huko India kwenyewe jamaa mmoja anasema bei haikushuka kwa asilimia 10? Si wizi huo?

mama_forodha

Sio wizi ni hesabu. Kitu cha 100 kikiwa na kodi ya 28 unalipa 128, ikiwa 18 unalipa 118. Umeokoa 10 kwenye 128, hiyo ni kama asilimia 7.8. Watu wanasoma kichwa cha habari wanakimbia nacho.

dukani_kwa_spea

Naongezea maana mimi hii kazi naila kila siku, nauza spea hapa Tabora na mzigo wangu mwingi natoa Delhi, kuna soko la spea linaitwa Kashmere Gate, ukiingia pale hutoki, mtaa kwa mtaa ni vyuma tupu.

Mama kaeleza vizuri ila kuna sehemu sisi wadogo mambo ni tofauti. Kampuni kubwa inaagiza kontena zima, hiyo haina shida, sifuri. Mimi naenda mwenyewe, nanunua sproketi na cheni duka hili, bush na bearing duka lile, plagi kwingine, kidogokidogo, nalipa kaunta kama mhindi yeyote wa mtaani, halafu nakusanya namkabidhi wakala ananipakilia kwenye kontena la wengi nalipia kwa CBM, yaani kwa ujazo wa mzigo. Hapo kaunta nimelipa GST kama kawaida na nikishaondoka ndo imetoka hiyo, siwezi kuirudisha. Spea nyingi za pikipiki na magari zilikuwa zinapigwa 28 sasa zote ni 18, kwahiyo kwangu mimi ile punguzo IMENIGUSA. Mwenye kuagiza kontena haijamgusa kwasababu hakuwa akilipa.

Ukiwa mjanja unatafuta duka lenye namba ya kuuza nje (IEC) unawaambia invoisi iandikwe ya mauzo ya nje, wao ndo wasafirishe kwa jina lao, hapo GST inatoka kabisa. Au wakala awe na kampuni iliyosajiliwa ya kuuza nje anunue yeye, kwa huyo duka linaruhusiwa kutoza asilimia 0.1 tu mradi mzigo utoke India ndani ya siku 90. Shida yake maduka madogo hawapendi, wanaona usumbufu, na ukinunua mzigo mdogo hakuna anayejaza makaratasi kwa ajili yako. Wengine wanakwambia chukua bila risiti nikupunguzie, hapo mi sishauri maana huku Dar forodha wataomba invoisi, usipokuwa nayo wanakukadiria wao.

mwenye_hesabu

Kwahiyo kaka spea zako umeshusha bei?

dukani_kwa_spea

Hahaha mzee wewe bwana. Cheni na sproketi zile za mzigo mpya nimeshusha kidogo. Mzigo wa zamani nauza bei ya zamani, nao niliununua kwa 28.

BintiUjiji

Mimi hainihusu pikipiki lakini nimesoma uzi wote. Tunajiandaa kumpeleka mama Chennai kwa matibabu, tunatokea Kigoma. Kwa maelezo ya mama_forodha sisi tukiwa kule tutakuwa tunatumia ndani ya nchi yao sio? Kwahiyo hiyo kodi tutailipa na punguzo tutalipata?

mama_forodha

Umeelewa vizuri kuliko wanaume wote wa humu mwanangu. Ndiyo, ukiwa kule wewe ni mlaji wa kule. Gharama za matibabu yenyewe hospitali hazina GST, isipokuwa chumba cha kulazwa kinachozidi rupia 5,000 kwa siku, hicho kina asilimia 5 tangu Julai 2022, ICU hapana. Kwahiyo wakiwapa makadirio waulize chumba ni bei gani kwa siku. Dawa mtakazonunua famasi nyingi zilikuwa 12 sasa 5, na ziko dawa 33 za magonjwa makubwa zimefutiwa kabisa. Na nyie mnaomuuguza mtakaokaa hoteli, vyumba visivyozidi rupia 7,500 kwa usiku vimetoka 12 kwenda 5. Makadirio yenu kama ni ya kabla ya tarehe 22 Septemba 2025 waombeni waandike upya. Mungu amponye mama.

BintiUjiji

Amina. Ni ya Agosti, ngoja niwaandikie leo.

Urambo_Mkulima

Na tumbaku je? Maana sisi huku ndo kilimo kinachotulisha.

mama_forodha

Tumbaku siku ile hawakuigusa baba, sigara na gutka (tumbaku yao ya kutafuna) waliziacha palepale kwenye 28 pamoja na cess mpaka wamalize mikopo waliyochukua wakati wa korona kulipa majimbo. Bidi, zile sigara zao za bei rahisi za kusokotwa kwa jani, ndo zikashushwa 28 kwenda 18, watu wakapiga kelele sana huko, kwamba mnashushaje kodi ya moshi wa maskini. Kwa jani lako la Urambo sioni lilipogusa, ile ni kodi ya mvutaji wa kule, bei yako wewe inaamuliwa kwenye mkataba na chama chako cha msingi na mnunuzi.

lakeoil_kgm

Huyu mleta uzi aliuliza na sheria ya kodi ya mapato, haijajibiwa. Nina mdogo wangu anafanya kazi Pune, India, anasema ile sheria yao ya 1961 imefutwa, ipo mpya ya 2025, rais wao alisaini Agosti 2025 na ya kuanza kutumika ni 1 Aprili 2026. Vifungu vilikuwa 819 vimekuwa 536. Ila viwango havikubadilishwa na hiyo sheria, lile la anayepata mpaka rupia laki 12 kwa mwaka kutolipa kodi ya mapato lilitoka kwenye bajeti ya Februari 2025. Hiyo ni ya wanaoishi kule, muuza pikipiki wa Tabora haimuongezei wala haimpunguzii.

Kinachoweza kutugusa kweli ni malipo. Benki kuu yao tangu Julai 2022 inaruhusu biashara ilipwe kwa rupia kupitia akaunti maalum za benki za nje, na Tanzania tumo kwenye nchi zile 18 zilizokubaliwa mwanzoni. Agosti 2025 wakalegeza zaidi, benki zao zinafungua hizo akaunti bila kuomba kibali kwanza. Muagizaji akilipa shilingi kwa rupia moja kwa moja anaruka dola katikati. Desemba 2025 rupia ilishuka mpaka dola moja ikavuka rupia 90, sasa kama mtu ana bei ya rupia na sio ya dola hapo anafaidi. Tatizo viwanda vya pikipiki bei ya Afrika wanaiandika kwa dola, kwahiyo hapo unarudi kulekule.

dukani_kwa_spea

Kashmere Gate wanaandika kwa rupia. Ndo maana napenda pale.

mwenye_hesabu

Basi kesho narudi dukani simuulizi tena habari za India, namuuliza dola kaipigia ngapi na lori kalipa ngapi.

mama_forodha

Na muulize bei ya keshi na ya mkopo tofauti yake. Hapo ndo utakuta laki yako unayoitafuta.