Mwanafunzi wa biashara na somo la takwimu: liwe la lazima au la hiari?

Mleta mada, Uyole

Wadau, naomba tulijadili hili kwa heshima. Wiki iliyopita, kwenye daladala ya kutoka Mwanjelwa kuja Uyole, nilikaa nyuma ya vijana watatu wanaosoma biashara. Wawili wana sapu (mtihani wa marudio) ya takwimu, wa tatu anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Hoja yao ilikuwa moja: somo hili liwe la hiari, kwa sababu mfanyabiashara anahitaji mtaji na wateja, uwezekano atakwenda nao wapi? Nimefundisha somo hilo miaka tisa huku Nyanda za Juu Kusini, na maneno yale yaliniuma.

Msimamo wangu nautanguliza. Liwe la lazima kwa kila anayesoma biashara, kuanzia astashahada. Ila namna tunavyolitahini, hapo tumekosea, na tumekosea sana.

Chukueni lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini kila mtu wa Mbeya ameiona: gunia la viazi limeshonewa kilemba juu, mkulima analipwa kwa gunia, mnunuzi anakwenda kuuza kwa kilo. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi ghalani tukapima magunia manane, moja moja. Yalisoma kilo 98, 104, 112, 121, 107, 130, 99 na 109. Jumla 880, wastani 110. Mwanafunzi mmoja alifunga daftari akidhani kazi imekwisha. Nikamwuliza: kati ya haya manane, gunia lenye kilo 110 ni lipi? Akapitia orodha mara mbili. Hakuna hata moja.

Hapo ndipo somo linapoanzia. Tulitafuta kila gunia liko mbali kiasi gani na wastani, tukapata mkengeuko sanifu wa karibu kilo 10.9. Namba hiyo inamwambia mnunuzi kwamba gunia moja linaweza kumwangusha au kumpandisha kwa kilo kumi bila mtu yeyote kumwibia. Akinunua magunia 100 ya aina hiyo, mtawanyiko wa wastani wake unashuka hadi kilo moja na kidogo, kwa sababu tunagawa 10.9 kwa kipeuo cha pili cha 100, yaani 10. Mwenye mtaji wa magunia mawili anabeba hatari ambayo mwenye lori haioni. Hilo ni jambo la biashara kabisa, na kijana anayeingia sokoni na mtaji mdogo ndiye wa kwanza kulihitaji.

Tena elimu hii haikuletwa na watu wa vitabuni peke yao. William Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Shida yake ilikuwa shayiri na vipimo vichache: ukiwa na sampuli ndogo, utauamini wastani wake kwa kiasi gani? Jibu alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kujificha, Student, na hadi leo wanafunzi wetu wanalikariri bila kuambiwa kwamba lilitoka kwa mtu wa kiwandani anayehangaikia nafaka.

Mchangiaji, Iringa

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mmoja wa waliopata sapu, na nasema liwe la hiari mpaka litakapofundishwa tukaelewa. Swali langu la mtihani lilihusu karata 52: uwezekano wa kuchomoa mfalme, halafu mfalme wa pili bila kurudisha wa kwanza. Nyumbani kwetu karata haziingii, baba ni mzee wa kanisa. Sikujua kama wafalme ni wanne au kumi. Hesabu ya sehemu naijua vizuri, nilifeli karata. Na hiyo lugha ya swali ilikuwa ya kusoma mara tatu ndipo ujue unaulizwa nini.

Mleta mada, Uyole

Marahaba binti yangu. Hilo silipingi hata chembe, na nakiri mimi mwenyewe nimetunga maswali ya karata kwa miaka. Ni 4 kwa 52, kisha 3 kwa 51, inatoka 1 kwa 221. Lakini swali hilohilo lingeweza kuwa la trei la mayai 30 yenye manne mabovu, ukachukua mawili. Hesabu ni ileile, na kila mtoto wa Iringa ameshika trei. Kosa ni letu walimu. Bado sioni kwa nini kosa letu liwanyime ninyi somo.

Mchangiaji, Tunduma

Mkuu, siku hizi Excel inatoa wastani na mkengeuko kwa sekunde. Kwa nini watoto wateseke na kanuni?

Mleta mada, Uyole

Kaka, nakubali, kanuni zipewe mtihanini, wasikariri. Ila Excel haikuambii umwamini nani. Mpe mizani mbovu, itakupa wastani wa mizani mbovu.

Mchangiaji, Makambako

Mwalimu habari. Mimi nimeishia darasa la saba, nauza nyanya kwa matenga, na nimesomesha watoto wawili kwa nyanya hizohizo bila takwimu. Tenga nachukua 20,000, nauza 30,000. Likilala, kesho naliachia kwa 10,000. Daftari langu la siku 50: siku 10 niliulizwa manne tu, siku 25 matano, siku 15 sita. Mimi nabeba matano. Nani alinifundisha?

Mleta mada, Uyole

Mama, asante kwa daftari hilo, ni zuri kuliko mifano yangu yote. Tuliangalie tenga la tano: siku 40 kati ya 50 linauzika, yaani 0.8. Faida ni 10,000 mara 0.8, hasara ni 10,000 mara 0.2, unabaki na wastani wa 6,000. La sita linauzika siku 15 tu, 0.3. Hapo ni 3,000 kutoa 7,000, unapoteza 4,000 kwa wastani. Matano ndiyo jibu sahihi, na wewe umelifikia kwa miaka ya kuungua. Kijana wa chuo ninataka alifikie kabla hajaunguza mtaji wa mzazi wake.

Mchangiaji, Makambako

Nimekuelewa. Lakini mwalimu, hesabu yako imechanganya siku. Huku tuna gulio mara mbili kwa wiki. Nimerudi kwenye daftari: siku za gulio ni 14, na katika hizo niliulizwa sita siku 11. Siku za kawaida ni 36, niliulizwa sita siku 4 tu.

Mleta mada, Uyole

Mama, umenisahihisha, na umenisahihisha kwa haki. Siku ya gulio tenga la sita lina 11 kwa 14, karibu 0.79, linakuachia wastani wa 5,700 hivi. Siku ya kawaida ni 4 kwa 36, usiliguse. Beba sita siku ya gulio, matano siku nyingine. Na ikiwa siku ya gulio yanaisha mapema, andika saa yalipoisha, maana huenda na la saba lina mteja ambaye daftari halijamwona.

Ukiniruhusu, swali hili nitalipeleka darasani Jumatatu kama ulivyoliandika.