Naomba ushauri: mwanangu anataka kuihama Pirates

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Pittsburgh, Marekani, na besiboli nimeijulia huku huku kupitia Pirates, timu ya mji huu. Ubingwa wa mwisho ni wa 1979! Kuanzia 1993 hadi 2012, misimu 20 mfululizo, walifungwa mechi nyingi kuliko walizoshinda. Sasa tunaye Paul Skenes, mrushaji mpira aliyetwaa Cy Young 2025, tuzo ya mrushaji bora, ila klabu yetu ni mkono wa birika, sijui tutakaa naye hadi lini.

Kijana wangu anataka jezi ya Dodgers, mabingwa wa 2024 na 2025. Mama yake anasema nimnunulie tu, mtoto asirithi maumivu yangu. Roho inasita. Wazazi mnaoshabikia timu za kufungwa, mlifanyaje? Ninunue, au nimpeleke kwanza uwanjani akamwone Skenes?