Ushauri wakuu: baiskeli ya kubebea watoto na mizigo, nirefushe fremu au nichukue guta?

Mkazi_wa_Bonde
Habari za jioni wakuu. Niko Ifakara. Nataka baiskeli moja ifanye kazi zote za nyumbani: kupeleka watoto shule, kuchota maji madumu mawili, na kurudi sokoni na kiroba. Phoenix ya inchi 28 ipo tayari. Nimewaza njia mbili. Ya kwanza, fundi wa kuchomelea airefushe nyuma kwa sentimita 40 kwa kutumia bomba la maji, ili keria iwe ndefu na watoto wakae wakifuatana. Ya pili, niiuze, niongezee hela nichukue guta la miguu mitatu, lile lenye sanduku la mizigo. Shule ni kilomita mbili na nusu, njia tambarare. Ipi bora? Naomba wajuzi, matusi sitaki.

Punda_Kihongwe
Nunua punda. Hana cheni wala pancha, na breki yake anaamua mwenyewe.

Friwili_18
Kabla ya yote mkuu, watoto wangapi, umri gani, kilo ngapi?

Kurefusha usifanye. Fremu ikiongezeka sm 40, cheni inaongezeka sm 80, kwa kuwa inapita juu na chini. Pingili moja ni nusu inchi, mm 12.7, kwa hiyo unatafuta pingili 63 za ziada. Cheni ya dukani ina pingili kama 112, basi utaunga moja na nusu na ushee. Cheni ndefu namna hiyo inalegea katikati na kuruka kila ukipita kwenye shimo, mpaka uiwekee kigurudumu cha kuikaza. Breki za Phoenix nazo ni za fimbo, zinavutwa na vyuma badala ya waya, itabidi ziungwe vilevile. Na bomba la maji limepakwa zinki. Fundi asipoikwangua kwanza, inaungua, moshi wake unampa homa, na kiungo kinabaki na vitundu ndani. Kwa nje utaona kimeshika vizuri tu. Kitakatika siku kimebeba uzito.

Mkazi_wa_Bonde
Asante Friwili. Watoto ni wawili, mmoja miaka 6, mwingine 4. Kilo 20 na 15 hivi. Ila huyo fundi ameshafanya nyingi na hakuna aliyelalamika. Tena hapa kwetu watu wanabeba magunia ya mpunga hayo hayo.

Spoku_Arobaini
Gunia la mpunga halisinzii wala haligeuki kuangalia mbuzi. Mtoto anafanya yote mawili.

Fremu iache ilivyo, jenga keria. Ya dukani inashikwa na miguu miwili kwenye ekseli na kibanio kimoja chini ya siti. Ikibeba kilo 35 inayumba kushoto na kulia na bolti zinalegea zenyewe. Ongeza miguu miwili ya nondo ya mm 10. Ncha za chini zipigwe nyundo zikiwa za moto mpaka ziwe bapa, zitobolewe, ziingie kwenye ekseli. Kwa mbele ifungwe kwenye bomba la siti kwa vibanio viwili vya bati nene, kimoja hakitoshi kwa kuwa kinageuka. Kila bolti nati mbili. Sehemu ya kukalia iwe na upana wa sm 25 na urefu wa 60. Mzito akae mbele karibu na mwendeshaji, mwepesi nyuma. Ukigeuza, usukani unakuwa mwepesi na baiskeli inaanza kutikisika kichwa.

Sasa miguu. Kinachoumiza watoto wengi kwenye keria ni kisigino kuingia kwenye spoku. Chukua dumu la lita 20 lililotoboka, kata zile pande mbili kubwa bapa, toboa matundu pembeni kwa msumari wa moto, funga kila upande kwa waya wa kufungia nondo, kuanzia kwenye keria mpaka chini ya ekseli. Ncha za waya zikunje kwa nje, zisielekee kwenye tairi. Halafu weka vikanyagio, kipande cha nondo sm 12 kila upande kwa kila mtoto, kizungushie mpira wa tyubu. Mtoto asiye na pa kuweka mguu atautafutia mahali mwenyewe. Yule wa miaka 4 anahitaji egemeo la mgongo la sm 30 na mkanda.

Mtaa_wa_Utrecht
Huku Uholanzi wazazi wanatumia bakfiets, baiskeli yenye sanduku kubwa mbele. Watoto wanakaa chini kabisa, karibu na lami, kwenye benchi lenye mikanda, na mzazi anawaona muda wote. Stendi yake ni pana, ukiishusha chombo hakitikisiki hata watoto wakipanda wenyewe. Siri ni uzito kuwa chini. Mkuu tafuta fundi akuundie ya hivyo.

Friwili_18
Utrecht, kwenye hiyo usukani uko mbali na gurudumu la mbele, unaunganishwa na fimbo ndefu yenye viungo viwili. Viungo vikilegea baiskeli haiendi unakotaka. Siyo kazi ya kumpa fundi wa mageti. Lakini hoja ya stendi ichukuliwe. Stendi ya mguu mmoja ya pembeni haifai kwa watoto. Weka ya miguu miwili inayonyanyua gurudumu la nyuma, maana watoto wengi huangushwa na baiskeli iliyosimama, mzazi anafunga mkanda wa huyu na yule anajivuta.

Mkazi_wa_Bonde
Nimewaelewa. Hiyo ya dumu nzuri sana. Kuhusu nguvu ya gurudumu la nyuma msiwe na wasiwasi, tairi nimeweka jipya kabisa, pana, 26 x 1.95, halizami kwenye tope. Swali lingine: kanga inaweza kunaswa na cheni, au boksi la cheni linatosha?

Bibi_Kikapu
Kanga ya nani?

Mkazi_wa_Bonde
Ni swali la jumla tu bibi.

Bibi_Kikapu
Mwanangu, hapa tunashauri hewa. Wa kuiendesha ni nani?

Mkazi_wa_Bonde
Haya. Mwendeshaji ni mke wangu. Baiskeli ni ya kike. Akishawaacha watoto shule anapitiliza gengeni kwake. Na kuna mdogo wa miezi tisa, huyo anakuwa mgongoni kwa mbeleko. Sikutaja kwa sababu huyo hakai kwenye keria. Na fundi nimeshampa elfu 40 ya kuanzia, bomba keshanunua. Ndiyo maana nauliza kurefusha, siulizi kuacha.

Bibi_Kikapu
Basi ungesema tokea mwanzo. Mke, watoto watatu, na mboga za genge juu ya chuma kimoja, na wewe saa hizo uko wapi?

Mkazi_wa_Bonde
Shambani bibi, natoka saa kumi na moja alfajiri na baiskeli yangu. Wamama wote huku wanabeba hivyo.

Spoku_Arobaini
Jibu langu linabadilika. Fremu ya kike haina bomba la juu, ukiipakia nyuma inajipinda katikati. Kwa fremu hiyo mwisho ni mtoto mmoja na kiroba cha kilo 10, au watoto wawili bila kiroba. Madumu mawili ya maji ni kilo 40, hayo yasafiri peke yake, moja kila upande, yaning'inie usawa wa ekseli na siyo juu ya keria.

Wa mgongoni sasa. Miezi tisa shingo bado haijakomaa kuhimili mitikisiko ya makorongo, na mama akianguka, anaangukia mgongo au ubavu. Subiri afike mwaka na akae mwenyewe imara, ndipo umwekee kiti chake chenye mgongo mrefu na mkanda wa mabegani. Kwa sasa mama asukume: mtoto mgongoni, wa miaka 4 na kapu juu ya keria, wa miaka 6 atembee pembeni. Kilomita mbili na nusu hazimshindi kama wanatoka mapema.

Kanga: boksi la cheni linatosha kama limefunika cheni yote. La nusu halitoshi, na mbeleko yenye ncha ndefu huingia gurudumu la nyuma. Lile dumu linazuia hata hilo.

Pancha_Tatu
Guta je? Mbona hamjalijibu? Guta linasimama lenyewe, watoto watatu wanaingia na kapu juu.

Friwili_18
Linasimama, ila halilali kwenye kona kama baiskeli. Ukikata kona kwa mwendo, gurudumu la ndani linanyanyuka na sanduku linapinduka. Upana wake hauingii kwenye vijia vya majaruba. Na kabla hujalipa, angalia breki imefungwa wapi: mengi yana breki ya gurudumu la mbele tu. Mtu wa kilo 55 atalisukuma likiwa limejaa kwenye njia ya tope mara moja, mara ya pili ataliacha nyumbani.

Mzee_Mashaka
Wakuu mnapoteza muda. Hadithi hii ya kutunga. Kasema Phoenix ya 28, halafu tairi 26 x 1.95. Rimu ya 28 ya baiskeli hizo ina kipenyo cha mm 635 pale tairi linapokaa. Ya 26 pana ni mm 559. Hilo tairi haliingii hata ukilipaka sabuni. Huyu ni fundi wa kuchomelea anatafuta wateja, subirini namba ya simu.

Punda_Kihongwe
Nilijua. Punda yeye hana vipimo viwili.

Pancha_Tatu
Na miezi tisa katoa akibanwa. Kesho atasema mapacha.

Mkazi_wa_Bonde
Siyo fundi mimi, ningekuwa fundi ningewaomba ninyi ushauri? Gurudumu la nyuma la zamani lilikatika spoku sita mfululizo, nikanunua gurudumu zima la mtumba la 26 likafungwa. Picha hiyo hapo chini. Linazunguka vizuri.

[picha]

Mzee_Mashaka
Nimeiona. Nafuta nilichosema kuhusu kutunga. Ila mkuu, vuta hiyo picha. Fimbo ya breki ya nyuma umeifunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu.

Spoku_Arobaini
Hapo ndipo pa kuanzia, mambo ya keria yasubiri. Breki ya fimbo inavuta raba kwenda juu, zibane upande wa ndani wa rimu. Rimu ya 26 iko chini kwa mm 38, raba hazina cha kubana. Baiskeli ya mkeo haina breki ya nyuma kabisa.

Mkazi_wa_Bonde
Ya mbele ipo na inashika. Na njia ni tambarare nimesema.

Spoku_Arobaini
Mzigo wote uko nyuma, gurudumu la mbele jepesi. Akibana ya mbele kwenye tope, tairi linateleza na usukani unamtoka. Mvua ikinyesha rimu ya chuma ikilowa, hata hiyo moja inapungua sana. Na pale njia inapokatiza barabara kuu malori hayajui kama ni tambarare.

Ukiliangalia hilo gurudumu, nyuma pameshuka karibu sm 3, kwa hiyo pedeli nazo zimeshuka na keria imeinama nyuma. Mtoto anateleza kuelekea mwisho wa keria bila wewe kujua kwa nini.

Friwili_18
Ile baiskeli yako ya shambani ni ipi?

Mkazi_wa_Bonde
Phoenix ya kiume, 28 pia.

Friwili_18
Basi gurudumu lake la nyuma lihamie kwa mama leo. Wewe tumia la 26 mpaka upate jipya, na usipakie mpunga juu yake. Kwa fundi wa kuchomelea, mwambie hiyo elfu 40 igeuke kazi ya keria: miguu minne ya nondo, vikanyagio, egemeo. Bomba abaki nalo. Gurudumu jipya la nyuma liwe na spoku 40, unene usipungue mm 2, ukipata za mm 2.3 bora zaidi. Zile sita zilikatika kwa sababu zililegea, spoku iliyolegea inajikunja kila mzunguko mpaka inavunjika pale inapokunja kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zigonge kwa spana kila baada ya wiki, yenye sauti nzito kuliko wenzake ikazwe. Na friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na cheni, chukua ya meno 22, hizi za 18 zinamchosha anayeondoka na mzigo.

Likishafungwa, raba za breki ziwe mm 3 kutoka kwenye rimu. Kisha pakia kiroba cha mchanga kilo 35 kwenye keria, mama aende nacho, asimame, akate kona. Kikihama, funga upya. Watoto wapande baada ya hapo.

Mkazi_wa_Bonde
Sawa. Elfu 40 sijui kama atakubali kugeuza, ila nitamfuata kesho. Mdogo atasukumwa kwa sasa, mama yake naye kasema hivyo hivyo nilipomsomea. Nati za ekseli ya nyuma spana namba ngapi?

Spoku_Arobaini
Beba 14 na 15. Na kabla hujakaza ya mwisho, vuta gurudumu nyuma mpaka cheni icheze sm 1 juu na chini, halafu angalia kama lipo katikati ya fremu pande zote mbili.